Kukata mti kichwa hakuufanyi uwe salama

Kila Februari, masika yakikaribia, simu zinaanza. "Fundi, njoo unikatie huu mwarobaini kichwa, usije ukatuangukia." Nikisema sikati kichwa, anatafutwa kijana mwenye panga na ngazi, na jua linapozama mti umebaki magogo yaliyosimama wima bila jani. Mwenye nyumba analala kwa amani. Miaka michache baadaye ananipigia tena kwa mti uleule, na sasa hatari imekuja kweli.

Nianze na kilicho sahihi katika imani hii. Mti usio na majani haukamati upepo. Msimu wa kwanza, pengine na wa pili, uwezekano wa kuanguka unapungua, na vitabu vya fani yetu vinaona tabu kulisema hilo waziwazi. Ndiyo maana imani yenyewe haifi: watu wanaona imefanya kazi. Kinachofuata hawakioni kwa sababu kinaendelea ndani ya mbao.

Tawi la kawaida limekua pamoja na shina. Msimu baada ya msimu, vyote viwili vimeongeza mbao mpya zinazofumana pale vinapoungana, na hapo ndipo nguvu ilipo. Chipukizi linalotoka kwenye gogo lililokatwa halikukua hivyo. Limechomoza chini ya gome na limeshikwa na tabaka la nje tu, kama msumari uliopigwa kwenye plasta bila kufika kwenye tofali. Tena hayatoki moja moja. Mwarobaini unatoa rundo mahali pamoja, yote yanakimbilia juu, kwa kuwa mti umepoteza majani yanayoulisha na unakula akiba yake.

Huku machipukizi yakinenepa, gogo lililo chini yake linaoza. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti kwa maelfu kwa chensoo, yaani msumeno wa mnyororo, ili aone uozo unavyosafiri. Mwaka 1977, yeye na Harold Marx walieleza kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi inavyopona. Unakizungushia kuta, kisha unakua nje yake. Ukuta dhaifu kuliko zote ni ule unaozuia uozo kwenda juu na chini kufuata nyuzi za mbao. Ukikata gogo nene katikati, umeufungulia uozo mlango ambao mti unashindwa kuufunga. Ukikata pale tawi linapotoka kwenye shina, nje kidogo ya ule uvimbe wa kuzunguka kitako chake, unauachia mti sehemu yenye kinga yake yenyewe. Tofauti ni ya sentimita chache. Naomba wanaojiita mafundi wajifunze hizo sentimita kabla ya kununua chensoo.

Kupaka kidonda oili chafu au rangi hakuzuii uozo. Tuendelee.

Lakini atakayepanda mti huo safari ijayo ataifunga wapi kamba? Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kabla ya kupanda narusha uzi wenye kifuko cha uzito, napitisha kamba kwenye panda, pale tawi linapoachana na shina, niliyoichagua, kisha watu wawili tunaining'inia kwa pamoja huku wa tatu akiitazama panda ile. Ikilia, ikitikisika isivyo kawaida, tunatafuta nyingine. Kwenye mti uliokatwa kichwa hakuna nyingine. Yako machipukizi tu. Unene wa paja unamdanganya mpandaji, anajifunga, na chini ya tawi hilo zuri la kijani kuna mbao iliyooza ikawa unga.

Ukiwasha chensoo juu ya mti unatakiwa uwe umeshikwa sehemu mbili: kamba kuu, na mkanda wa kuzunguka shina wenye waya wa chuma ndani, ili mnyororo ukiteleza usikate vyote. Suruali ya chensoo ina nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye gia mpaka mnyororo usimame. Suruali ya daraja la 1 inapimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Vijana wanasema ina joto. Ni kweli, kwa hiyo kazi ya juu tunaimaliza asubuhi. Waya wa umeme ukipita ndani ya matawi, sipandi mpaka TANESCO wazime.

Kuna hoja moja naiheshimu: "Mbona wakulima wa Embu, Kenya, wanaikata kichwa migrivea ya mashambani kila mara na haifi?" Wanafanya kazi nyingine kabisa. Wanaanza mti ukiwa mdogo, wanarudia mapema, matawi bado membamba, wanachukua kuni na kupunguza kivuli shambani. Vidonda ni vidogo. Wewe unataka kufanya hivyo mara moja kwa mwembe wa babu yako, kwenye matawi mazito kama pipa, halafu uusahau. Kiwango cha Marekani cha utunzaji wa miti, ANSI A300, hakikubali kukata kichwa, nami nakubaliana nacho.

Ninachofanya badala yake: naondoa matawi makavu, nafupisha yaliyorefuka sana kwa kuyarudisha kwenye tawi dogo lenye unene usiopungua theluthi ya lile ninalokata, na siondoi zaidi ya robo ya majani. Mteja anatazama juu na kuuliza, "Umefanya nini sasa?" Swali hilo silichukii.

Kinachonipa shida ni miti iliyokwisha kukatwa kichwa. Kanuni inasema uchague machipukizi machache yenye nguvu, uondoe mengine kidogo kidogo, urudi kila baada ya muda. Nafanya hivyo, lakini yale yenye nguvu yanachaguliwa kwa macho tu, nayo macho hayaoni ndani. Kugonga kwa nyundo kunaniambia kama kuna uwazi. Mbao zimebaki nene kiasi gani, mlio hausemi vizuri. Mti wa namna hiyo ukiwa juu ya paa la chumba cha watoto, nashauri uondolewe wote, na naukata nikiwa kwenye gari lenye kikapu. Gharama inapanda, mteja ananung'unika, lakini kamba yangu siifungi pale.