Je, Wajua Kwa Nini Laptopu ya Mwaka Huu Inaweza Isiizidi ya Mwaka Jana?

Chukua laptopu tatu za bei ya kati, za kampuni moja na zenye jina moja: ya 2022, ya 2023 na ya 2024. Ya kwanza ina prosesa ya Intel Core i5-1235U, ya pili i5-1335U, ya tatu Core 5 120U. Ukisoma majina tu, unaona ngazi tatu: kizazi cha 12, kizazi cha 13, kisha jina jipya kabisa ambalo hata ile "i" limeitupa. Ukiangalia kilichomo ndani, zote tatu zina viini 10 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi yenyewe), viwili vikubwa vya kazi nzito na vinane vidogo vya kubana matumizi ya umeme. Zote zimepangiwa wati 15 kwa kazi ya kawaida na hadi wati 55 zinapojikaza kwa muda mfupi. Kilichobadilika hasa ni kasi ya juu kabisa ya kiini kikubwa: GHz 4.4, kisha 4.6, kisha 5.0. Majina matatu ndani ya miaka miwili, na nyongeza isiyofika asilimia 14, tena pale kileleni ambako prosesa haikai sana.

Sababu si ngumu. Kubuni prosesa mpya ni kazi ya miaka kadhaa, lakini maduka yana kalenda yao. Kila Januari kuna maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya CES kule Las Vegas, kila mwaka shule na vyuo hufunguliwa, kila mwaka kuna Krismasi, na kila msimu unadai bidhaa yenye neno "mpya" kwenye boksi. Mwaka ambao ubunifu mpya haujaiva, ule wa zamani hukazwa kidogo, hupewa namba nyingine na kurudi rafuni. Sitauita wizi, kwa sababu takwimu zote zimo kwenye tovuti ya Intel kwa mwenye subira ya kuzisoma. Ila muuzaji hana haja ya kukusomea.

AMD, washindani wa Intel, nao wana yao. Septemba 2022 walieleza utaratibu wa namba za prosesa zao za laptopu za mfululizo wa 7000. Tarakimu ya kwanza inasema ni toleo la mwaka gani. Ya tatu ndiyo inayosema ubunifu wenyewe ni wa zama zipi. Kwa hiyo Ryzen 5 7520U, yenye 2 mahali pa tatu, imejengwa kwa ubunifu wa Zen 2 ulioingia sokoni 2019, na ina viini vinne tu. Ryzen 5 7530U ni Zen 3 na ina viini sita. Ryzen 5 7540U ni Zen 4. Juu ya boksi zote zimeandikwa "Ryzen 5" na namba ya 7000. Kichekesho ni kwamba Ryzen 5 5500U ya 2021, ambayo nayo ni Zen 2 lakini yenye viini sita, huishinda 7520U kwenye kazi inayotaka viini vyote vifanye kazi pamoja, kama kuchakata video. Anayeacha 5500U na kununua 7520U amelipia namba kubwa zaidi na kuondoka na mashine dhaifu zaidi kwa kazi hiyo.

Lakini usikimbilie kusema kila toleo jipya ni porojo. Mwaka 2017 ilitokea kinyume chake. Intel Core i5-7200U ilikuwa na viini viwili. Iliyoifuata, i5-8250U, ilikuja na vinne ndani ya wati zilezile 15. Hiyo ni hatua ambayo mtu aliihisi siku ya kwanza. Na bado wateja wengi wangeweza kuidharau, kwa sababu kasi yake ya msingi imeandikwa GHz 1.6 wakati ya zamani iliandikwa 2.5. Mteja aliyezoea kupima kompyuta kwa GHz angeona ameshushwa daraja. Ukweli ni kwamba hiyo 1.6 ni kasi ambayo prosesa inahakikishiwa ikiwa na viini vyote kazini. Ikiachiwa inafika 3.4, na ile ya zamani ilikomea 3.1.

Basi mtu apime kwa kipi? Swali la kujiuliza kwanza halihusu laptopu mpya hata kidogo. Linahusu ile uliyonayo: inakusubirisha wapi? Tuseme programu yako inachukua sekunde 10 kufunguka, na katika hizo, sekunde 8 zinaishia kusubiri diski isome data. Ukinunua mashine yenye prosesa ya kasi mara mbili lakini diski ileile, zile sekunde 2 za prosesa zinakuwa 1, na programu inafunguka kwa sekunde 9. Umetoa fedha yote hiyo kununua sekunde moja. Ukibadilisha diski tu, unaweza kupunguza zaidi ya nusu ya muda wote.

Kujua hilo hakuhitaji fundi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, dirisha linaloonyesha kila kifaa kinatumika asilimia ngapi, kisha ufanye kazi zako kama kawaida ukiwa umeacha dirisha hilo wazi. Diski ikigonga asilimia 100 kila mara huku prosesa ikipumua kwenye 20, tatizo ni diski. RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ikijaa hadi 90 na kitu, tatizo ni RAM. Prosesa ikikaa juu dakika nzima, hapo ndipo prosesa mpya inaanza kuwa na maana. Nimeona watu wengi wakilalamika kwamba "mashine imezeeka" kumbe bado ina diski ya kuzunguka, inayosoma megabaiti mia na kidogo kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya aina ya kawaida ya SATA husoma karibu 550, na nyingi za aina ya kasi zaidi ya NVMe huvuka 3,000. Laptopu ya 2018 iliyowekewa SSD huwa inaikera kidogo sana roho ya mtu anayeandika barua na kufungua mitandao.

Sasa njoo kwenye mashine mpya yenyewe. Namba ya prosesa haikwambii itafanya kazi namna gani ndani ya laptopu fulani, na hapa ndipo matangazo yanapowapoteza wengi. Kumbuka zile wati 15 na 55. Prosesa inapoanza kazi nzito hujikaza hadi wati nyingi, joto hupanda, na baada ya muda mfupi hulazimika kushuka hadi kiwango ambacho feni inaweza kukimudu. Laptopu nene yenye feni nzuri inaweza kuiacha prosesa hiyohiyo ifanye kazi kwa wati 25 au 30 muda wote; nyembamba kama daftari huishusha hadi 15 au chini yake. Vipimo vinavyomalizika haraka, ambavyo ndivyo hupendwa kuchorwa kwenye mabango, hupima mbio za mita 100, wakati anayehariri video ya nusu saa anahitaji mkimbiaji wa marathoni. Ukisoma tathmini ya laptopu, tafuta kipimo kilichorudiwa mfululizo kwa dakika kumi au zaidi. Alama za duru ya kwanza zikitofautiana sana na za duru ya mwisho, umeshapata jibu.

RAM ina mitego miwili. Wa kwanza ni idadi ya kadi. GB 16 zikiwa kadi moja si sawa na kadi mbili za GB 8, kwa sababu kadi mbili huipa prosesa njia mbili za kusomea data. Anayeumia zaidi ni mchezaji wa gemu na mhariri wa picha, kwa kuwa grafiki za ndani hazina memori yao, zinakopa RAM hiyohiyo. Kwenye prosesa za Intel zenye grafiki za Iris Xe, ukiweka kadi moja tu Windows hubadilisha hata jina na kuziita UHD Graphics. Mtu anarudi dukani kugomba kwamba amepewa mashine siyo, kumbe ni hiyohiyo.

Mtego wa pili ni RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Laptopu nyembamba nyingi za leo ziko hivyo, na ile 7520U niliyoitaja haikubali kadi ya kuchomeka kabisa. Ukinunua ya GB 8, utakufa nayo ikiwa na GB 8. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya toleo la mwaka jana lenye GB 16 na la mwaka huu lenye GB 8 kwa bei moja, chukua la mwaka jana. Sioni hata sababu ya kufikiri mara mbili.

Hata kampuni kubwa hupanda ngazi moja na kushuka nyingine kwa wakati mmoja. MacBook Air ya Apple yenye prosesa yao ya M1 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 999 za Marekani. Ya M2 ikafuata Julai 2022 kwa dola 1,199. Ilikuwa na umbo jipya, kioo kikubwa na king'avu zaidi, kamera ya 1080p badala ya 720p, na chaji ya sumaku. Lakini toleo lake la chini, la GB 256, liliwekewa chipu moja ya kuhifadhia data pale ambapo M1 ilikuwa na mbili. Waliozipima wakakuta SSD ya mashine mpya inasoma kwa takriban nusu ya kasi ya ile ya zamani. Ubaya wake huonekana RAM ya GB 8 inapojaa, maana hapo mashine huanza kuitumia SSD kama RAM ya akiba. M3, Machi 2024, ikarudisha chipu mbili. Oktoba mwaka huohuo Apple wakapandisha RAM ya chini hadi GB 16 bila kugusa bei, na Machi 2025 M4 ikaja na GB 16 kwa dola 999. Aliyekuwa na M1 nzima akaruka M2 hakupoteza kitu. Aliyekuwa na laptopu iliyokufa 2022 hakuwa na anasa ya kusubiri, na kwake M2 ilikuwa mashine nzuri tu, ilimradi aongeze fedha achukue ya GB 512.

Kuna jambo ambalo halipewi nafasi yake: kioo. Prosesa unaihisi mara chache kwa siku, kioo unakitazama kila dakika. Laptopu nyingi za bei nafuu bado huja na kioo cha niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) kinachoonyesha asilimia 45 tu ya rangi za kipimo cha NTSC. Ndani ya chumba chenye mapazia hutaona shida. Kaa nacho kibarazani saa sita mchana, Tanga au Mombasa, utajikuta unajitazama mwenyewe kuliko kazi yako. Nuru inayovuka niti 400 na rangi za asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, kwangu mimi, ni sababu nzuri zaidi ya kuhamia toleo jipya kuliko kizazi cha prosesa.

Betri usiipime kwa saa zilizoandikwa kwenye tangazo, kwa kuwa hizo hupatikana kwa kucheza video huku mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa. Tafuta Wh, yaani saa-wati, kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Mashine ya Wh 42 inayokula wati 7 kwa kazi nyepesi itakupa saa 6. Ya Wh 56 kwa ulaji huohuo itakupa 8. Zipo laptopu ambazo toleo la bei ya chini hukatwa betri huku jina likibaki lilelile, kwa hiyo soma karatasi ya mashine unayoinunua wewe, wala si ya ndugu yake.

Kuhusu zile za "akili mnemba" zilizotangazwa na Microsoft Mei 2024 kwa jina la Copilot+, nitasema kwa ufupi. Sharti lao la RAM ya GB 16 kwa uchache limewasaidia wanunuzi, na hilo ndilo jema lililo wazi. Sehemu maalumu ya prosesa inayoshughulikia akili mnemba bado haijapata kazi ya kutosha katika siku ya mtumiaji wa kawaida ya kumfanya aongeze fedha kwa ajili yake.

Kwa anayenunua iliyotumika, pale Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, swali la kizazi lina jibu jingine kabisa, na halihusu kasi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa wameweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Windows 11, ukiacha mashine chache za kipekee, inataka laptopu yenye Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na kwa Ryzen nyingi zinazokubalika huanzia mfululizo wa 3000. HP EliteBook 840 G4 na G5 zikiwekwa mezani pamoja ni rahisi kuzichanganya, lakini G4 kwa kawaida ni kizazi cha 7 chenye viini viwili na imebaki nje, na G5 ya kizazi cha 8 imeingia. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, G5 haina mjadala. Kabla ya kutoa fedha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama toleo linalotajwa la TPM, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, ni 2.0. Kisha chomoa chaji, iache iwake kwa betri pekee dakika kumi huku ukijadiliana bei, uone asilimia zinashuka kwa mwendo gani.