Mtungi, piko na ngazi za Mji wa Kale: miezi yangu ya kwanza kwenye ambulensi Mombasa

Wiki ya pili tangu nipate cheti cha EMT (mhudumu wa dharura wa ambulensi) nilikaa nyuma ya gari kwenye foleni ya feri upande wa Likoni nikitazama mshale wa geji ya oksijeni ukishuka, na mgonjwa ni mama mwenye pumu, kashika ukingo wa stretcha kwa mikono yote miwili, anapumua kwa mabega. Mtungi mkubwa wa gari ulikuwa umepelekwa kujazwa, tumebaki na ule mdogo wa kubeba. Asubuhi yake nilikuwa nimejaza fomu ya ukaguzi, kila kisanduku tiki, manake mtungi niliuona uko mahali pake na mshale uko kama katikati, nikasema nusu ipo, yatosha.

Sasa nusu ya nini? Hii hesabu tulifundishwa darasani na mimi niliipita kama maji. Mtungi saizi D, yaani ule mdogo wa kubeba, ukijaa unasoma karibu psi 2,000 (psi ndiyo presha inayoonyeshwa na geji). Unatoa 200 za akiba, unazidisha kwa 0.16 ambayo ni namba ya saizi hiyo, unagawanya kwa lita unazompa mgonjwa kwa dakika. Ukiwa umejaa kabisa na umemwekea maski yenye mfuko kwa lita 15 unapata dakika 19. Basi, dakika 19 Mombasa ni kutoka roundabout moja hadi nyingine jioni. Mimi nilianza na 900, piga mwenyewe, ni dakika saba na nusu. Tulipofika foleni geji ilikuwa 500, yaani dakika tatu na kidogo.

Patna wangu hakupiga kelele hata kidogo. Aliangalia kidole cha mama, kipimo cha oksijeni ya damu kinasema asilimia 97, akamsikiliza anavyoongea, maneno yanatoka sentensi nzima sasa, akatoa ile maski akamwekea mirija ya puani lita 4. Kipimo kikatulia 95. Hapo dakika tatu zikawa 12, na dereva alikuwa ashashuka kuongea na watu wa feri tupite mbele. Lita 15 nilimfungulia kwa uoga wangu mwenyewe, manake nilipomkuta alikuwa na 91 nikafungua mpaka mwisho na sikurudi kuangalia tena. Kwa mgonjwa kama yule 94 na kuendelea inatosha. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, lakini ukiwa pale Likoni kuzunguka kote huko na mgonjwa wa pumu sikuona ni wazo, mpaka leo sioni.

Tulipomfikisha salama dereva aliniambia kitu kimoja tu, "kijana, mtungi hauangaliwi, unafunguliwa." Na kweli, manake ukiwa umefungwa geji inaweza kukuonyesha presha ya jana iliyobaki kwenye regulator, kile kichwa chenye geji. Sai nafungua, nasoma, nafunga, nautoa upepo uliobaki, naandika namba. Siandiki "ipo". Na hivo hivo sakshen, mashine ya kuvuta uchafu mdomoni, nawasha niisikie inavuta, betri ya AED, ile mashine ya kushtua moyo, naangalia taa, glavu nahesabu, vijiti vya kupima sukari naangalia vimeexpire lini.

Alafu kuna mambo ya vipimo. Nikirudi kusoma fomu zangu za mwezi wa kwanza nacheka peke yangu, kila mgonjwa alikuwa anapumua mara 18 kwa dakika. Mzee 18, mtoto 18, aliyeanguka na bodaboda 18. Wote tunafanya hivyo mwanzoni, tunakisia, na ni makosa makubwa kuliko yanavyoonekana manake pumzi mara nyingi ndiyo ya kwanza kubadilika mgonjwa anapoanza kuharibika, kabla hata presha haijashuka. Dawa yake ni rahisi: shika mkono kama unapima mapigo, usimwambie chochote, hesabu kifua kwa sekunde 30 zidisha mbili. Ukimwambia unahesabu pumzi zake ataanza kupumua kama anaimba kwaya.

Presha nayo, gari ikiwa inapita mashimo ya Changamwe stethoskopu utasikia injini tu. Pandisha mkanda mpaka mapigo ya mkononi yapotee, shusha taratibu, yanaporudi ndiyo namba yako ya juu, andika kwamba umepima kwa kupapasa. Ya chini huna, usiibuni. Na mkanda mdogo kwenye mkono mnene utakupa presha ya uongo iliyo juu, nimewahi kumtisha bi mmoja bure kwa sababu hiyo.

Piko sasa, ile rangi nyeusi ya kupamba mikono. Huku kwetu wakati wa arusi utakutana na vidole vyeusi tii mpaka ncha, na kipimo cha oksijeni kinasoma kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, kwa hivyo mashine inakaa tu haisemi kitu au inakupa namba ya ajabu. Nilikaa na bibi harusi aliyezimia joto la ukumbini nikibadilisha betri mara mbili! Shangazi yake ndiye aliyeniuliza, mwanangu si uweke kwa sikio. Hata kidole cha mguu sawa kama hakina rangi. Ila zaidi ya hapo mtazame mtu mwenyewe, midomo, anaongea vipi, ngozi iko vipi. Namba ikisema 78 na mtu anakuuliza simu yake iko wapi, basi mashine ndiyo mgonjwa.

Kisa ambacho kimenikaa zaidi ni cha Ramadhani. Simu imeingia saa kumi jioni, Mji wa Kale, mzee kapigwa na kiharusi. Gari haiingii kule, vichochoro vingine ukitanua mikono unagusa kuta zote mbili, kwa hivyo tunaacha gari barabarani tunaingia na mabegi mgongoni tukiongozwa na watoto. Ghorofa ya pili, chumba kimejaa watu, babu kalala kwenye kitanda cha samadari, mkono wa kulia hauna nguvu, maneno yanaburuta, hatambui watoto wake. Mtaa mzima umeshasema kiharusi, na mimi pia nilishaandika kichwani. Nikatoa shikamoo, nikamshika mkono, umelowa jasho baridi kama samaki.

Patna akasema pima sukari kabla ya kitu chochote. 2.1. Chini ya 4 tayari ni shida, 2.1 ni ubongo unakosa chakula, na ubongo ukikosa chakula unaweza kuigiza kiharusi vizuri sana mpaka upande mmoja ukalegea. Mjukuu akaleta dawa zake za kisukari, glibenclamide, ambayo hushusha sukari, kameza wakati wa daku kama kawaida na akafunga. Kulikuwa na mama ashaleta glasi ya juisi ya tende anataka kummiminia na hapo ilibidi niseme samahani mama, ngoja kidogo, manake mtu asiyemeza vizuri ukimmiminia inaenda mapafuni. Tukamweka kwa ubavu, patna mwenye ruhusa ya dripu akatafuta mshipa akampa dextrose, yaani maji ya sukari, mimi nikashika tochi. Baada ya dakika chache babu akafumbua macho akauliza kwa hasira kwa nini watu wote hawa wako chumbani kwake.

Hapo familia wakataka tuondoke, ashapona, alhamdulillahi. Kosa ni kukubali. Hiyo dawa inakaa mwilini masaa mengi, sukari inaweza kushuka tena usiku watu wamelala, lazima aangaliwe hospitali. Tulibishana robo saa kwa adabu, mimi nikaongea na mtoto wake mkubwa pembeni badala ya kumbishia mzee mbele ya watu, ndipo akakubali, kwa sharti kwamba avae kanzu safi kwanza.

Na kumshusha je? Zile ngazi za mbao ni wima na nyembamba, stretcha haigeuki. Tulitumia kiti cha kubebea, miguu mbele, mimi chini kwa sababu ndiye mgeni, mmoja anahesabu ngazi kwa sauti. Zilikuwa 22, mgongo wangu unazijua zote. Kama utafanya mazoezi ya kitu kimoja kabla ya kuanza kazi fanya ya kubeba, achana na ile mikasi ya kufunga mguuni kama komando (ndio, nilinunua, iko droo).

Kasualti, pale hospitali tunapokabidhi mgonjwa, nayo nilijifunza kwa aibu. Mara za kwanza nilikuwa nafika naanza tangu nyumbani kwa mgonjwa, nani alipiga simu, njia ilikuwa vipi, hadithi za Abunuwasi, na sista ashageuka kwa mgonjwa mwingine. Sai nina nusu dakika: mwanamume wa miaka kadhaa, ana kisukari, alikutwa amechanganyikiwa na mkono wa kulia umelegea, sukari 2.1, amepewa dextrose saa kumi na nusu, sasa 7.4 na anaongea, anatumia glibenclamide. Nakaa kimya. Akitaka njia ilikuwa vipi ataniuliza.

Babu yule nilimpita mwezi uliofuata baraza ya kahawa karibu na Fort Jesus, hakunikumbuka kabisa. Mjukuu ndiye aliyeniita nikae, nikanyweshwa vikombe viwili vya kahawa chungu na babu akanieleza kwa kirefu jinsi vijana wa ambulensi walivyomharibia futari yake.