Magogo yakishapita, kaunti inabaki na nini?

Lori la magogo likikatiza Molo, Elburgon au Kaptagat hapa Kenya, wakazi huuliza swali moja: pesa za miti hii zinakwenda wapi, na kaunti yetu inapata ngapi? Ni swali halali. Lakini katika kazi yangu ya misitu, ambayo sehemu kubwa nimeifanya kati ya maafisa wa kaunti na vyama vya misitu vya jamii, nimeona swali hilo likifunika jingine lililo zito zaidi. Nani anawajibika kupanda upya palipokatwa, na pesa za kupanda na kutunza zimeandikwa wapi? Kaunti nyingi zina jibu la haraka kwa swali la kwanza. Kwa hili la pili, unatafuta kwenye makabrasha ya bajeti hadi macho yanauma.

Tuanze na umiliki, kwa sababu hapo ndipo mikutano mingi ya hadhara hupotelea. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inagawa misitu mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Mashamba makubwa ya misaiprasi na mipaina yanayopandwa ili yavunwe ni misitu ya umma, na yako mikononi mwa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ibara ya 62 ya Katiba inaiweka misitu ya serikali kwenye kundi la ardhi inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Gavana hawezi kutoa kibali cha kukata hata mti mmoja humo. Mwakilishi wadi akiwaahidi vijana kwamba atawatafutia eneo la kuvuna, anaahidi kisicho chake.

Watu wakishasikia hivyo hufikiri kaunti haina lake katika misitu. Si kweli. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa kuhusu maliasili, na misitu imetajwa humo waziwazi. Agosti 2013, majukumu yalipogawanywa rasmi, kaunti zilikabidhiwa mambo mawili makubwa: huduma za ugani wa miti mashambani, na misitu iliyokuwa ikisimamiwa na mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa. Sheria ya 2016 ikaongeza kwamba kaunti iandae kila mwaka taarifa ya kazi yake ya misitu, ipitishwe na bunge la kaunti, kisha ipelekwe KFS. Ulizia taarifa hiyo katika kaunti yako. Huo ndio mtihani wa kwanza, na haugharimu kitu.

Misitu ya urithi wa mabaraza si vichaka. Mfano ni Maasai Mau, kule Narok, wenye ukubwa wa karibu hektari 46,000, ambao mto Ewaso Ng'iro Kusini unautegemea kabla ya kushuka hadi Ziwa Natron. Kwa miongo mingi ulikuwa ardhi ya amana, yaani ardhi ambayo baraza la kaunti ya Narok liliishikilia kwa niaba ya wakazi. Mashamba ya vikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na wanachama, yaliyopakana nao yalipogawanywa kwa mmoja mmoja, mipaka ilisukumwa hadi ndani ya msitu, hati zikatolewa, vipande vikauzwa, na walionunua wakajenga na kulima. Mwaka 2018 na tena 2019 serikali ikawaondoa maelfu ya watu, wengi wao wakiwa na karatasi walizoamini ni halali. Wengine hubishana mpaka leo kuhusu siasa za kuwaondoa. Mimi hurudi nyuma kidogo, kwenye ramani za upimaji na mihuri ya ofisi za ardhi. Msitu ule uliliwa mezani kabla ya shoka la kwanza kuingia, na mlinzi wake wa kisheria alikuwa baraza la mtaa.

Narok hiyohiyo ina hadithi ya upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baraza hilo lilitaka kuugeuza msitu wa Naimina Enkiyio, wa Waloita, ambao ni Wamaasai, uwe hifadhi ya wanyama yenye watalii. Jamii ilikataa, ikaunda chombo chake cha kuushikilia msitu kwa niaba ya wote, ikaenda mahakamani, na msitu ukabaki chini ya wazee na taratibu zao. Ninaposikia mtu akisema wananchi hawawezi kusimamia msitu bila ofisi juu yao, huo ndio mfano ninaompa.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wa kaunti huligusa kila baada ya uchaguzi: kuomba kipande cha msitu wa umma kwa ajili ya uwanja wa michezo, soko au jaa la taka. Barua kati ya gavana na waziri haitoshi. Kubadilisha mpaka wa msitu wa umma kunahitaji ombi rasmi kwa Bunge la Kitaifa au Seneti, na ombi hilo halipiti likiwa litahatarisha viumbe adimu au chanzo cha maji. Ukiona tingatinga limeingia na hakuna ombi lililojadiliwa bungeni, sheria imevunjwa, hata kama kinachojengwa ni kitu kizuri.

Sasa twende msituni, maana huko ndiko pesa za umma hupungua bila kelele.

Kabla ya kuuzwa, miti iliyosimama hupimwa. Mpimaji huzungusha utepe kwenye shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu mzima, kisha hukadiria kimo, na kutokana na hivyo viwili hupatikana ujazo kwa mita za ujazo. Bei hufuata ujazo. Tuseme msaiprasi una kipenyo cha sentimita 30: utepe utasoma sentimita 94 kwa mzunguko. Mpimaji akiandika 85, kipenyo kinakuwa 27. Sentimita tatu tu za kipenyo, na anayesoma fomu ofisini hawezi kuona tatizo. Lakini ujazo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo kwa kimo kilekile mti huo umepoteza asilimia 19 ya mbao zake kwenye karatasi. Karibu mti mmoja katika kila mitano umeondoka bure, na hakuna aliyevunja kufuli. Rudia kosa hilo kitalu kizima, yaani kipande kizima cha msitu, iwe kwa uzembe au kwa makubaliano, uone hasara yake.

Ndiyo maana huwahimiza wanachama wa vyama vya misitu wasiridhike kuitwa kwenye uzinduzi. Waombe kuwepo siku ya kupima. Washike ncha ya pili ya utepe. Na uvunaji ukiisha, warudi wahesabu visiki na kupima vipenyo vyake, kwa sababu kisiki hakiondoki na lori. Kipimo cha kisiki hakilingani moja kwa moja na cha kifuani, maana shina hutanuka kuelekea chini. Lakini ukikuta visiki vingi kuliko miti iliyoorodheshwa, hapo huhitaji hesabu ya mraba. Kamati ya bunge la kaunti inayoshughulikia mazingira nayo inaweza kufanya ziara hiyo. Haina mamlaka juu ya kibali, ila ina sauti, na wananchi waliowachagua wajumbe wake ndio wanaokunywa maji ya msitu huo.

Baada ya kukata, kazi ndiyo kwanza inaanza. Msaiprasi hupandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600 kwa hektari, na hukaa takriban miaka 30 kabla ya kutoa mbao nzuri. Katikati kuna kupalilia, kupogoa matawi ili mbao zisijae vifundo, na kupunguza miti ili iliyobaki inenepe. Kwenye mashamba ya umma, mzigo wa miaka ya mwanzo hubebwa na wakulima kupitia mpango wa PELIS, ule ambao wazee wanauita mfumo wa shamba: mkulima hupewa kipande, hulima viazi, maharagwe au mahindi katikati ya miche, na kwa palizi yake miche hupona. Miti ikianza kufunga kivuli, anahama. Mpango huu umelaumiwa sana, na pengine ulistahili: pale msimamizi alipolegea, wakulima walibaki miaka mingi, na mche ulioanza kuwatilia kivuli ukakatwa mizizi usiku. Lakini nimeona pia vitalu vilivyoachwa bila wakulima vikimezwa na magugu hadi hakuna mche wa kuhesabu. Naamini mpango ni mzuri mahali ambapo kuna orodha ya wakulima iliyo wazi, tarehe ya kuondoka inayojulikana na mtu wa kuifuatilia. Afisa ugani wa kaunti angeweza kusaidia sana kwenye ufuatiliaji huo. Mara nyingi hana hata mafuta ya pikipiki.

Uvunaji ukiharibika sana, nchi yetu huchukua njia ya mkato: marufuku. Mwaka 1999 ukataji katika mashamba ya serikali ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kampuni chache kubwa zilizoachiwa ziendelee, na wenye viwanda vidogo vya kupasua mbao wakafunga milango. Februari 2018 ikaja marufuku ya siku 90 ambayo iliongezwa na kuongezwa. Kikosi kazi kilichoundwa wakati huo kiliwasilisha ripoti iliyoeleza ufisadi na usimamizi mbaya kwa urefu. Julai 2023 Rais akatangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa; Agosti mahakama ikasimamisha tangazo hilo kwa muda. Miaka yote hiyo miti iliyokomaa ilizidi umri wake, mingine ikaoza ikiwa imesimama, na mahitaji ya mbao yakahamia kwenye miti ya mashamba ya watu. Hapo ndipo kaunti zilipopaswa kung'ara, kwa sababu ugani wa miti mashambani ni kazi yao. Badala yake nyingi zilionekana zaidi barabarani, zikikusanya ushuru.

Ushuru huo, ambao wengi huuita sesi, ndio unaonisumbua kuliko yote. Hutozwa kila lori la mbao au mkaa linapotoka. Katiba, Ibara ya 209, inaziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa, kwa hiyo ni haki kuuliza: huduma gani aliyopewa huyu mwenye mbao? Kama hakuletewa miche, hakufundishwa kupogoa, na barabara ya kuingia kwake haipitiki, amelipia nini? Na kibaya zaidi, kaunti inayopata pesa mti unapoanguka tu, haina sababu ya kibajeti ya kutaka mti usimame.

Marekani wamepitia njia hii, na inafaa tuwasome. Sheria yao ya 1908 ilielekeza robo ya mapato ya misitu ya kitaifa irudi kwenye majimbo kwa ajili ya shule na barabara za kaunti zenye misitu hiyo. Magharibi mwa Oregon, sheria nyingine ya 1937 ilizipa kaunti fungu kubwa zaidi, ambalo kwa kawaida lilikuwa nusu. Kwa miongo kadhaa kaunti hizo ziliishi vizuri. Kisha mwaka 1990 bundi mwenye madoadoa, anayeishi katika misitu hiyo, aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kesi zikafuata, na ukataji ukaporomoka. Bajeti zikaporomoka nao. Bunge lao likapitisha sheria ya kuzisaidia kaunti hizo mwaka 2000, na msaada ulipoyumba, kaunti ya Jackson huko Oregon ikafunga maktaba zake zote 15 mwezi Aprili 2007. Shule na maktaba zilikuwa zimefungwa kamba moja na msumeno. Huko Wisconsin mambo ni tofauti: kaunti zaidi ya ishirini zinamiliki misitu yao zenyewe, na sheria ya jimbo inazitaka ziwe na mpango wa miaka 15 unaopitishwa na baraza la kaunti. Huuza mbao, ndiyo, ila huuza kwa kufuata mpango uliokwisha kuandikwa, wala si kwa pengo la bajeti la mwaka huo.

Hapa kwetu, mswada wa kugawana mapato ya maliasili ulifika Seneti mwaka 2014, na ukaletwa tena 2022. Nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu jamii zinazoishi na msitu zinastahili sehemu yake. Ombi langu ni kwamba sehemu ya kaunti isipimwe kwa mita za ujazo zilizokatwa peke yake. Ihesabiwe pia kwa hektari zilizopandwa na zikapona baada ya miaka mitatu, maana kupanda ni rahisi na kila mtu hupigwa picha. Mche wa mwaka wa tatu ndio unaoonyesha kama kulikuwa na palizi.

Si lazima kusubiri mswada. Kila mwaka kaunti hulazimika kuwasilisha mpango wake wa maendeleo kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nenda na maswali machache tu. Sesi ya mbao na mkaa ilileta shilingi ngapi mwaka uliopita? Kati ya hizo, ngapi zimewekwa kwa bustani za miche, maafisa ugani na ulinzi wa misitu ya kaunti? Je, misitu iliyorithiwa kutoka mabaraza ya zamani imepimwa mipaka, na ramani ziko wapi? Usikubali jibu la "mazingira na maliasili" likiwa jumla moja, kwa sababu ndani ya jumla hiyo hukaa taka, maji na safari za mafunzo. Omba fungu la misitu peke yake. Likiwa tupu, toa maoni yako kwa maandishi, yapigwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala.