Dripu si kipimo cha hospitali nzuri

Juzi kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa mama mmoja alisema: "Zahanati walinipa vidonge tu. Nikaenda pa kulipia, wakanitundikia dripu. Elfu arobaini imekwenda, lakini hiyo ndiyo tiba." Abiria wakaitikia. Hapa Mbeya wengi tunaamini hivyo, kwamba bei ikipanda na tiba imepanda.

Tuiangalie hiyo chupa. Nusu lita ya saline ya kawaida ni maji na gramu 4.5 za chumvi, basi. Aliyeishiwa maji kwa kuharisha sana au kutapika inamwokoa kweli. Lakini mtu anayekunywa uji wake vizuri, maji hayo angeyapata kwa kikombe, bila kutobolewa mshipa. Hata malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto, dozi 6 kwa siku 3. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali.

Wala bei haimfundishi mgonjwa kuchagua. Utafiti wa shirika la RAND, Marekani, ulioanza miaka ya 1970, ulionyesha kuwa waliochangia gharama walipunguza kutibiwa, ila walikata tiba za lazima karibu sawa na zile zisizo za lazima.

Mimi huuliza: walikupima kabla ya kuandika dawa? Walikwambia unaumwa nini? Dalili zipi zikurudishe haraka?

Yule mama nilimuuliza alikutwa na nini.

"Mh, hawakusema, mwanangu," akajibu, akashuka Kabwe.