Retro si kale

Kila mtu anayerudi kutoka Seoul siku hizi ana picha ya mtaa ule wa maonyesho ulio kwenye makumbusho: kibanda cha kinyozi, studio ya picha, duka la santuri, fundi wa nguo, chumba cha kusomea vitabu vya katuni kwa kulipia. Chini ya picha ameandika "mtaa wa kale wa Wakorea". Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mno.

Retro ni kurudisha kwa makusudi sura, sauti na ladha za wakati uliopita ambao bado wapo watu wanaoukumbuka. Maana ni hiyo tu. Mzigo wote uko kwenye maneno ya mwisho, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Neno lenyewe ni la Kilatini, "nyuma". Wafaransa wa miaka ya 1970 ndio waliolifanya jina la mtindo. Wakorea wanalo lao, bokgo, lenye herufi mbili za Kichina: bok ni kurejea, go ni kale. Bok hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Gwangbokjeol, sikukuu ya tarehe 15 Agosti, "siku ya kurejea kwa nuru", wanapokumbuka kukombolewa kutoka mikononi mwa Wajapani mwaka 1945. Kwa hiyo nakubali, anayesema "kale" ana kisingizio: kale imo ndani ya neno. Wasomi wa enzi za wafalme walipotaka kurejea kale, walimaanisha mwenendo wa wahenga. Lakini Mkorea wa leo akitamka bokgo, hawazi wafalme wala wahenga. Anawaza dabang, "chumba cha chai" ambamo watu walikunywa zaidi kahawa, na asubuhi ikatiwa kiini cha yai. Anawaza yeontan, makaa ya mawe yaliyoshindiliwa kuwa duara lenye matundu, yaliyopasha nyumba joto na ambayo hewa yake yenye sumu iliua watu usingizini. Anawaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, iliyoondolewa Januari 1982. Bibi wa miaka sabini hahitaji kusimuliwa hayo.

Mtaa huo uko nje ya Makumbusho ya Taifa ya Mila, ndani ya uwanja wa kasri la Gyeongbokgung. Unatoka kwenye kasri lililoanzishwa mwaka 1395, hatua chache unakutana na kiti cha kinyozi, na jicho linavichanganya vyote. Wapo wanaojaribu kuvitenganisha kwa kusema kasri ni la kweli na mtaa umejengwa upya. Hapana. Kasri nalo liliteketea mwaka 1592, likajengwa upya karne ya 19, likabomolewa sehemu kubwa wakati wa utawala wa Wajapani, na linaendelea kurudishwa hadi leo. Umri wa mbao hautusaidii. Kinachotenganisha ni kumbukumbu. Jina la mtaa kwa Kikorea ni Chueogui Geori, Mtaa wa Kumbukumbu, na hakuna aliye hai anayeukumbuka mwaka 1395.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa sababu tunalo neno zilipendwa. Hakuna anayeuita wimbo wa dansi wa miaka ya sitini "wimbo wa kale". Tunasema ni zilipendwa, na ukisikiliza sarufi yake utaona kuna mtu ndani: zilipendwa na nani? Na fulani, ambaye huenda yuko hapo sebuleni anatikisa kichwa.

Swali hilohilo ndilo lililowafanya Wakorea, mwishoni mwa miaka ya 2010, waanze kutumia neno jingine, nyutro, yaani retro mpya. Kijana wa miaka ishirini anayekodi sare nyeusi ya shule ya zamani ili apigwe picha hakuwahi kuivaa. Sare za lazima ziliondolewa mwaka 1983, kabla hajazaliwa. Harudi popote. Kwake ni mambo mapya kabisa. Bokgo ni ya aliyekuwepo, nyutro ni ya aliyechelewa, nao husimama bega kwa bega mbele ya dirisha lilelile la dabang.

Basi ukifika huko ukapiga picha mbele ya dirisha hilo, andika "mtaa wa zilipendwa", Wakorea watakuwa wameeleweka vizuri. Neno kale liachie kasri lililo nyuma yako.