Povu la siki kwenye grauti si uchafu unaotoka

Ukimwagia siki au ndimu kwenye grauti, yaani mistari ya katikati ya vigae, povu dogo huchemka, na wengi huamini hapo ndipo uchafu unatoka. Sivyo. Grauti ya kawaida ni ya saruji, na saruji ina chokaa. Povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka asidi inapoila chokaa hiyo. Mstari huonekana mweupe kwa kuwa tabaka lake la juu limeondoka. Baadaye unabaki na vishimo vinavyonasa uchafu kuliko mwanzo, na maji hupenya hadi chini ya kigae. Asidi ya kusafishia choo hula haraka zaidi.

La hatari kabisa ni kuichanganya Jik na siki au asidi hiyo ili “iwe kali”. Hutoka gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kuua. Tafadhali, usijaribu hata kidogo.

Kwa uchafu mwingi, magadi soda yaliyokorogwa na maji kidogo yanatosha: paka, subiri dakika 10, sugua kwa mswaki wa zamani. Brashi ya waya iache. Suuza, kisha kausha kwa tambara, maana ukungu huota panapobaki unyevu.