Kabati jipya limefungwa mtaani, mbona spidi ni ile ile?

Mafundi wakija kusimamisha kabati jipya pembeni ya lile la zamani la simu, mtaa mzima unageuka wataalamu. Huyu anasema faiba imefika, yule anasema spidi inaruka mara kumi, mwingine keshaanza kulalamika hata kabati halijawashwa. Na mengi yanayosemwa ni nusu ukweli, ambayo ndo mabaya zaidi, maana unasaini mkataba ukitegemea kitu ambacho waya wako hauna uwezo nacho.

Sugu kuliko zote ni hii ya "tumeshawekewa faiba". Hapana jamani. Faiba imefika kwenye kabati ikaishia hapo hapo, na kutoka kabatini mpaka sebuleni kwako bado ni ile jozi ya nyaya za shaba iliyozikwa enzi za simu za kuzungusha namba kwa kidole. Kilichobadilika ni kwamba mashine inayokupa intaneti zamani ilikaa kwenye kituo cha simu, pengine kilomita tatu nne huko, sasa wameisogeza mtaani. Shaba haijaondolewa, imefupishwa tu, na huko kufupisha ndo mchezo wenyewe. Mawimbi ya masafa ya juu (yanayotetema haraka) yanafifia upesi sana kwenye shaba. ADSL2+, teknolojia ya zamani ya intaneti kwenye waya wa simu, inatumia masafa hadi kama megahezi 2.2 na kwenye makaratasi inafika megabiti 24 kwa sekunde, wakati VDSL2, mdogo wake mwenye kasi zaidi anayefungwa kwenye makabati mengi, inapanda hadi megahezi 17 na ushee, na spidi yote ya ziada inakaa huko juu, ila huko juu ndo kwa kwanza kufa waya ukirefuka.

Ndo maana ukisikia "kila mtu atapata megabiti 80" cheka tu. Aliye mita 200 kutoka kabatini anaweza kuipata hiyo 80, aliye kilomita moja mara nyingi anaambulia 30 au pungufu, na ukishapita kilomita moja na nusu hivi tofauti na ADSL inaanza kuwa ndogo mpaka unajiuliza kelele zote zilikuwa za nini. Halafu umbali haupimwi kwa macho. Unafuata njia ya waya, na waya unaweza kuzunguka kona mbili na kuvuka barabara kabla haujafika kwako.

Tena hilo kabati lililoko mbele ya geti lako huenda si lako! Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa kwenye makabati tofauti kwa sababu tu ya jinsi mitaro ilivyochimbwa miaka hiyo. Kuna hata laini zinazotoka moja kwa moja kituo cha simu bila kupita kabati lolote, hao mabadiliko yanawapita hivi hivi mpaka nao wajengewe la kwao.

Sasa turudi kwenye swali la juu, maana hapa ndo wengi wanakwama: watu wanadhani kabati likiwashwa laini zote zinahamia zenyewe. Hazihamii. Ukichungulia kabati la zamani likiwa wazi utaona halina hata umeme, ni safu za vituo vya kuungia na nyaya nyembamba zimejaa kama nywele zisizochanwa. Lile jipya lina feni zinazovuma, betri na mita ya umeme. Siku ukiomba huduma mpya fundi anakuja, anatafuta jozi yako humo kwenye vurugu, anaipeleka kabati jipya na kuirudisha. Kazi yenyewe ya kuunga si kubwa, ila isipofanyika wewe bado unahudumiwa kutoka kule kule mbali hata kama kabati linavuma dirishani kwako. Na modemu ya ADSL peke yake haitaielewa VDSL, kwa hiyo usishangae ukiambiwa ubadilishe.

Kuna hii nyingine, "majirani wakijiunga wanakula spidi yangu". Ina ukweli ila si vile watu wanavyoisema. Jozi yako ni yako peke yako, hakuna anayechota humo. Tatizo ni kwamba jozi nyingi zimebanana ndani ya kebo moja na mawimbi yanavuja kutoka jozi moja kwenda nyingine, kama watu wengi kuongea kwenye chumba kimoja, kila anayeongezeka inabidi upaze sauti. Aliyeunganishwa wa kwanza mtaani anafurahia, baada ya miezi kadhaa anaona namba zinashuka na anadhani ameibiwa. Dawa yake inaitwa vektaring, kabati linapima uvujaji kati ya laini zote kisha linatuma mawimbi ya kuufuta, na linafanya kazi vizuri pale laini zote za kebo zinapoongozwa na mashine moja. Ujerumani walisukuma shaba hivyo hadi megabiti 250 kuanzia 2018, kwa walio karibu na kabati lakini. Jioni kila kitu kikizubaa kwa pamoja, hiyo ni foleni kwenye mtandao wa kampuni au waifai yako, shaba yako haina kosa.

Mimi mwenyewe kosa langu lilikuwa kuzima ruta kila usiku, na spidi ikiyumba naizima naiwasha mara tano sita nikidhani naisafisha. Kumbe kwenye mitandao mingi kuna mfumo unaoilinda laini, ukiona inakatika katika unaamini ni mbovu na unaishusha spidi ili itulie! Nilikuwa najichongea mwenyewe. Iache ikae siku kadhaa, itulie, ndo ulalamike.

Umeme nao: simu ya zamani iliendelea kuita hata giza likitanda kwa sababu ilipata umeme kutoka kituo cha simu. Betri za kabati zinaweza kulishikilia kwa muda, lakini modemu yako ikizima, intaneti hakuna.

Na kabla hujampigia fundi, angalia nyaya za ndani. Ule waya wa ziada uliovutwa mpaka chumbani kwa ajili ya simu ya pili, hata kama hakuna kitu kimechomekwa mwishoni, unarudisha mwangwi kwenye laini na kudaka kelele kama antena. Chomeka modemu kwenye soketi ya kwanza kabisa pale waya unapoingilia nyumbani, kila kitu kingine kikiwa kimechomolewa, usome spidi ambayo modemu yenyewe inaonyesha, sio ile ya simu kupitia waifai. Hiyo ndo namba ya kumtajia fundi.